Sauti Isiyoshtua Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, na halikuhusu mitambo. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, nimebeba mfuko wa bisibisi na koleo, nimesimama mbele ya trela lililoegeshwa nyuma ya soko, Dodoma mjini. Mzee Ndahani, kiongozi wa bendi, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya trela akipangusa vumbi kwenye buti zake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi redio wa Makole?"

"Ndiye mimi."

"Ng'ombe unawajua?"

Nikadhani ananitania. Nikamjibu kwamba nawajua wakiwa kwenye sahani. Hakucheka. Akanieleza kuwa fundi aliyenitangulia alijua kazi ya kila waya, lakini siku moja mnadani alifungua spika zote kwa mkupuo. Ng'ombe wakakurupuka, na dume moja likapita katikati ya mitumba likaishia porini na shati la mtu kwenye pembe. Fundi mwenyewe hakungoja kufukuzwa, alidandia lori la kwanza la kurudi kwao.

"Mimi nataka fundi anayeanza na ng'ombe," akasema. "Watu baadaye."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kuwa fundi mitambo wa bendi ya kantri, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Ninyi vijana mkisikia kantri mnacheka, nawajua. Kantri ni muziki wa wachunga ng'ombe wa nchi za mbali, wa magitaa na kofia pana, uliotufikia kwa redio. Hapa uwanda wa kati, ambako mtu humwimbia ng'ombe wake kwa jina, muziki ule ulifika ukakuta wenyewe wapo. Mzee Ndahani aliimba kwa Kiswahili, na akikolea aliingiza Kigogo: habari za kiangazi, ndama waliopotea, wake waliochoka kungoja. Nyuma yake lilikuwapo gitaa la kulaza. Mpigaji huliweka mapajani na kutelezesha kipande cha bomba juu ya nyuzi, na sauti yake hulia bila kukatika.

Trela lenyewe wakandarasi wa barabara walikuwa wakilitumia kama nyumba ya kulala. Bendi ilikata ubavu mmoja ikauwekea bawaba, ukishushwa unakuwa jukwaa la mbao. Ndani nililala mimi na dada mpiga kinanda, pamoja na spika, masufuria na unga. Wanaume walitandika chini ya turubai. Tulivutwa na lori la Dereva, mtu mzima mwenye maneno machache, ambaye aliongea na injini yake kwa upole kuliko alivyoongea na sisi.

Hatukupiga kwenye kumbi. Tulifuata minada ya mifugo, na kila eneo lina siku yake. Leo Bahi, kesho kutwa Kintinku, halafu upande wa Kongwa, halafu juu kuelekea Kondoa. Asubuhi ile ya mnada wangu wa kwanza nilishuka kwenye trela nikasimama tu. Nimezaliwa mjini, nilidhani naijua Dodoma. Mbele yangu nchi ilikuwa wazi mpaka macho yanachoka, nyekundu, miti ya miiba imetawanyika, na kutoka kila upande ng'ombe wanakuja na vumbi lao, na nyuma yao watu waliotembea tangu alfajiri, mashuka mabegani, fimbo mikononi. Hakukuwa na king'ora wala tangazo lililowaita. Nilijisikia mdogo sana, na nikafurahi kuwa mdogo.

Sasa kazi. Mixa ni ile meza yenye vitufe vingi, kila chombo na kitufe chake. Ukumbini una kuta, sauti inakwenda inarudi, unaweza kuidanganya. Kwenye uwanda hakuna ukuta. Sauti ikitoka imetoka, inakwenda na upepo, na hujui imemfikia nani. Kwa hiyo kwanza nilipima upepo kwa vumbi. Kisha nilipanga spika zilipe mgongo zizi. Tulianza na gitaa peke yake, kwa kiasi cha mtu anayeongea na jirani yake, nami naongeza kidogo kidogo, wimbo kwa wimbo, huku nikitazama masikio ya ng'ombe. Masikio yakisimama unangoja. Yakianza kupepea nzi, ng'ombe wamekuzoea, hapo ndipo unaweza kuingiza besi. Mzee Ndahani naye hakuwasalimia watu kabla hajaona mimi nimekaa kwenye kiti changu. Akiniona nimekaa, anainua kofia na kusalimia kwa Kigogo: "Mbukwenyi!" Na uwanja mzima unamwitikia.

Kila mnada ulikuwa na afisa wake, na yule wa Bahi alikuwa mkali kuliko wote. Alikuja mezani kwangu siku ile ya kwanza, kalamu sikioni.

"Fundi, ng'ombe wakitulia, upo kazini. Wakikurupuka, ninyi hapa hamrudi, na nitawaambia na wenzangu."

Hakuwa anatisha bure. Maafisa wa minada wanajuana, na bendi yetu haikuwa na pa kwenda kwingine.

Miaka ikaenda. Tulibadilisha jenereta, tukabadilisha matairi, makatibu wa bendi wakaja na kuondoka. Neno lililokuja kunitia wasiwasi lilikuwa dogo sana: "Ongeza." Mbele ya mwimbaji huwekwa spika ndogo inayomwelekea yeye, tunaiita monita, ili ajisikie anavyoimba. Mzee alianza kutaka monita iongezwe. Nikaongeza. Akataka tena. Ikafika mahali maiki ikaanza kupiga mluzi, masikio zizini yakasimama yote, na afisa wa Bahi akaja mbio.

"Hii ni mara ya mwisho naongea kwa mdomo," akaniambia.

Kwenye trela, Katibu akimuuliza Mzee habari za dizeli, anajibiwa kuwa ugali utatosha. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha wake. Mimi sikucheka. Kisha nikamsikia Katibu akiwaambia wenzake kwamba mwakani maiki apewe mtu mwingine.

Tulipumzika Hombolo wiki hiyo, tukifua nguo karibu na bwawa. Mzee akaniita kando, saa za jua kali, akaketi akinitazama mdomo.

"Fundi, wewe umeshajua."

"Nimejua, Mzee."

"La kushoto limekwenda. La kulia linaaga. Siogopi uziwi. Baba yangu alikuwa kiziwi na alilima mpaka mwisho. Naogopa kitu kimoja tu, kuimba vibaya na watu wakaninyamazia kwa heshima. Watu wetu nawajua. Watanipigia makofi mpaka nife, na hakuna atakayeniambia."

Nikamsogelea ili anione mdomo vizuri.

"Utaniambia wewe. Siku nitakayotoka kwenye sauti, uniambie siku hiyohiyo. Siyo kesho yake."

Nikaahidi. Nilikuwa nampenda kama baba yangu, na niliogopa ahadi ile kuliko nilivyowahi kuogopa ng'ombe.

Siku mbili tatu baadaye, mpiga besi alikuwa akijipasha mikono ndani ya trela. Mzee alikuwa nje, ameketi peku kwenye ngazi akitupa mgongo, anakula karanga. Nikaona kidole gumba cha mguu wake kinapiga ubao. Kinapiga sawasawa na besi, hakipishani nayo hata kidogo. Nikaacha nilichokuwa nafanya. Nikamwomba Dereva anisaidie, tukaichukua spika moja ya besi tukaiweka chini ya jukwaa, tukaigeuza uso juu, tukaifunga kwa mipira ya tairi hadi ikashikamana na mbao. Nikaenda kwa Mzee, ambaye alikuwa ameshavaa buti zake.

"Vua buti, Mzee. Panda jukwaani."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa avue nguo. Akavua, akapanda. Nikamwashiria mpiga besi apige noti moja nzito, airudierudie. Mzee akasimama pale peku, macho chini.

"Namsikia," akasema. Alisema kama anayetaja ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu. Akafungua kinywa akaimba, na sauti yake ikakaa pale ilipotakiwa kukaa.

Monita nikaiondoa kabisa. Mluzi ukaisha. Sehemu kubwa ya besi ikabaki kwenye mbao, na huko nje bendi ikawa tulivu kuliko ilivyokuwa miaka yote. Afisa wa Bahi akaja mezani, kalamu sikioni.

"Leo mmefanya nini? Mbuzi wamelala kabisa."

"Tumepunguza, Afisa."

"Basi hivyohivyo," akasema akaondoka.

Katibu naye habari za mtu mwingine akazimeza. Watu wakaona peku ni madoido ya Mzee, na kule Kintinku vijana wakaanza kuvua viatu kabla ya kucheza. Hatukumwambia mtu yeyote.

Kila tulipomaliza alikuja mezani kwangu, soksi mkononi. "Fundi?" Nami nasema, "Sawa, Mzee." Siku nyingine nilisema, "Sawa, ila wimbo wa pili uliuchelewa kidogo," akatikisa kichwa akaenda zake. Nimewatengenezea sauti watu wengi. Lakini mtu asiyesikia hata mlango ukibamizwa, amesimama katikati ya uwanda ule, jua linawaka, vumbi linapita, anaimba habari ya ndama aliyepotea na wazee wa kiume wanajifuta macho kwa mashuka, hilo sijaliona tena. Kuna siku mikono yangu ilisahau vitufe. Nilikuwa nikikaa pale nikisema moyoni, Mungu, mtu huyu umemuumba kwa udongo gani.

Sasa nimestaafu. Nakaa Makole, nyumba ileile ya wazazi. Mji umejaa magari ya wakubwa, na wajukuu zangu wanachanganya muziki kwenye simu wakiwa wamelala kitandani. Nawashangaa kwa kweli, wanafanya kwa vidole viwili yale niliyoyafanya kwa jasho. Wakiniuliza kazi yangu hasa ilikuwa nini, nawaambia ilikuwa kusikiliza kwa niaba ya mwingine. Hawaelewi vizuri, na sijui kuisema kwa namna nyingine. Kwa hiyo huwasimulia siku yenyewe.

Ilikuwa Bahi, mwaka wa mvua nzuri. Majaruba ya mpunga yamejaa maji, watu wanashuka kwenye bodaboda viatu mkononi. Mzee alikuwa anaumwa kisukari kwa muda, na miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Aliniambia ni kidogo tu. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, nikasikia sauti inateleza, inashuka chini ya gitaa, taratibu, na yeye anatabasamu tu. Niliongeza besi ya chini ya mbao. Haikumfikia. Nikaongeza tena, na zizini masikio yakasimama, nikarudisha. Nilimtazama akipapasa ubao kwa nyayo, akitafuta, huku akiimba pembeni kabisa ya wimbo wake.

Na watu wakapiga makofi. Kama alivyosema, kwa heshima zote. Akina mama wakapiga vigelegele. Bendi nzima ilitazama chini.

Akaja mezani, soksi mkononi, anachechemea.

"Fundi?"

Neno "sawa" lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limezoea njia. Ningelisema, angekwenda kula akalala usingizi wake, na kesho kutwa tungekuwa Kintinku. Nilimtazama yule mzee na machozi yakanitoka kabla ya maneno, na nadhani aliyasoma kwanza machozi.

"Ulishuka, Mzee."

"Wapi?"

"Tangu wimbo wa pili. Mpaka mwisho."

Akakaa kwenye kreti ya soda kando yangu. Akavaa soksi moja, akavaa ya pili, akavaa buti, akafunga kamba bila haraka. Uwanjani walikuwa bado wanamshangilia. Kisha akaniinulia uso, nami nikaona hakuwa na huzuni niliyoiogopa miaka yote ile.

"Kwa hiyo zile siku nyingine zote ulizoniambia sawa," akasema, "ilikuwa sawa kweli."

"Ilikuwa sawa kweli, Mzee."

Akacheka. Akacheka kwa sauti kubwa hata Katibu akageuka, kofia imemwangukia mapajani, anarudia, "Zote! Zote zile!" Kisha akaniomba nimshike mkono hadi kwenye trela, maana ngazi alikuwa anaiona lakini mguu haukuwa ukimwambia kama umeikanyaga.