Jina la Mkwe Mbele ya Kisu

Wageni waliotoka mkoani kuuliza kama wagonjwa wako salama katika chumba cha upasuaji walipata majibu yasiyofanana. Fidele, anayesukuma kitanda cha magurudumu, alisema usalama ni jenereta yenye mafuta na sala fupi. Daktari Majaliwa, aliyeletwa na uhamisho kutoka Lindi na ambaye bado anavaa soksi juu ya soksi kwa baridi ya huku juu, alisema usalama ni mkono mwepesi. Kisha akaongeza kwamba wagonjwa hawana shida yoyote. Wasio salama ni watumishi, kwa sababu ya Sista Josepha.

Josepha mwenyewe alisema usalama ni mdomo. Ndiye muuguzi mkuu wa chumba hicho, mzaliwa wa Kasulu aliyeolewa Kitahana, upande wa Kibondo, na kanuni yake haina mlango wa nyuma. Kabla kisu hakijagusa ngozi, watu wote wananyamaza, yeye anataja kwa sauti jina la mgonjwa, ugonjwa na upande, na mgonjwa aliye macho anajibu. "Yule mzee," "huyu wa ngiri," "mama wa jana" hapokei. Aliwahi kumsimamisha daktari bingwa aliyekuja ziarani, akambania kisu mpaka bingwa akamtaja mgonjwa kwa majina yake yote, huku akipumua kwa pua kama fahali. Wenzake walimcheka Josepha, lakini walimtii.

Halafu baba mkwe wake akapata ngiri.

Kwa Waha na Warundi wa huku, walioshika mambo ya nyumbani, mwanamke hataji jina la baba wa mumewe. Hakuna askari atakayemkamata. Ni kwamba jina lenyewe halipandi kooni. Josepha alikuwa amezaa katika ukoo ule, amezika nao, amevuna nao maharage misimu mingi, na hakuwahi kulitamka. Balozi wa nyumba kumi alipopita kuuliza boma ni la nani, alinyoosha kidole. Mzee naye alijua wajibu wake. Wakikutana kwenye njia nyembamba, aliingia katikati ya mihogo na kutazama mbali mpaka mkamwana apite. Sasa mtu huyo huyo alitakiwa kulala nusu uchi chini ya taa ya Josepha.

Josepha alifanya wanachofanya wakubwa wa kazi: alibadilisha ratiba. Asubuhi ile kulikuwa na ngiri mbili. Wa kwanza angekuwa mzee wa Busunzu aitwaye Nsabimana, upande wa kushoto, na huyo angemhudumia yeye. Baba mkwe, upande wa kulia, angefuata, mikononi mwa Tunu, muuguzi kutoka Tabora asiye na mkwe yeyote katika wilaya hizi. Josepha angekuwa anakunywa chai mbali.

Mpango ulikuwa mzuri. Ubaya wake ni kwamba baba mkwe naye alikuwa na mpango wa kumkwepa. Wodini aliuliza kwa kuzunguka, akaambiwa Sista Josepha ndiye anayefunga kazi siku zote, hutoka wa mwisho. Akawaza: wa mwisho si ndiye mimi? Akamwomba Nsabimana wabadilishane vitanda. Nsabimana, ambaye hofu ya kisu ilikuwa imemnyima usingizi, alikubali kabla ombi halijaisha. Tena mzee alikuwa ameisugua kwa dodoki ile alama ya wino aliyochorwa na Daktari kwenye nyonga, maana mtu mwenye adabu haendi kwa daktari akiwa na uchafu mwilini.

Fidele alikifuata kitanda cha mlangoni, kilichokuwa cha Nsabimana, akauliza, "Nsabimana?" Mzee akakohoa. Fidele akaona amejibiwa, akabeba faili la kitanda hicho na kusukuma.

Wakati wa sindano ya mgongo Josepha alikuwa amewapa kisogo, anapanga vifaa. Alipogeuka, mgonjwa alikuwa amejifunika shuka mpaka utosini kwa madai kwamba taa inamuumiza macho. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa amekufa ganzi. Ngiri yenyewe, kama ilivyo desturi yake mtu akilala, ilikuwa imejificha. Daktari akapaka dawa ya kahawia upande wa kushoto, akanyoosha mkono.

"Tunyamaze," Josepha alisema. "Mgonjwa ni Nsabimana. Ngiri, upande wa kushoto. Mzee, taja jina lako."

Shuka likakohoa.

"Mzee, jina lako."

"Ni huyo mliyekwisha kumsema," shuka likasema.

Josepha aliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikiombea ugali kila Krismasi mpaka ugali unapoa. Akageukia ukuta haraka, kisu bado mkononi mwake.

"Daktari, siye."

"Siye nani?"

"Siye niliyemtaja."

"Basi ni nani?"

Josepha akajaribu njia za pembeni. Alisema ni mtu wa Kitahana. Daktari akajibu kwamba Kitahana ina watu wengi. Alisema ni babu wa watoto fulani. Daktari, ambaye macho yake juu ya barakoa yalikuwa yameanza kucheka, alimkumbusha kwamba humu ndani hakuna babu wa fulani, kuna jina na upande, na kanuni hiyo haikutoka Lindi. Fidele aliapa kutoka mlangoni kwamba aliuliza na akajibiwa. Mtaalamu wa ganzi alisema sindano yake haisubiri vikao.

Josepha alitazama ukuta. Akinyamaza, heshima itabaki nzima, na mzee atarudi Kitahana na kidonda upande usio na kosa, na ngiri yake iko pale pale. Akafumba macho na kulitoa kama mtu anayetema kiazi cha moto.

"Melkiadi Mpawenimana. Ngiri. Kulia."

Macho ya Daktari yaliacha kucheka. Shuka likashuka taratibu mpaka kwenye pua.

"Kulia, ndiyo," mzee alisema. Kisha akamwelekea Daktari, maana mkamwana halalamikiwi uso kwa uso. "Mwambie nimesikia. Asirudie."

Tunu aliitwa mbio. Josepha alitoka, akainywa chai ya Tunu.

Siku ya kutoa nyuzi mzee alifika na koti lake la kanisani, akasimama kizingitini. Josepha akafungua kinywa, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Mzee akainua kiganja.

"Melkiadi Mpawenimana," akatangaza mpaka wodini wakasikia, "wa Kitahana. Ngiri. Kulia. Leo ni nyuzi tu."

Kisha akalala na kugeukia ukuta. Josepha akageukia ukuta wa pili, na Tunu akatoa nyuzi.