Mkono wa Baba Mkwe kwenye Mita

Nilimbana baba mkwe mkono, na kuomba radhi nikakataa. Watu wa Akheri, kijiji cha wakwe zangu mlimani, walilisema jambo hilo miaka mingi, kwa hiyo acha nami niliseme.

Enzi za Mwingereza nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Arusha mjini. Mali yangu ilikuwa mita moja ya kupimia umeme. Ndani yake mlikuwa na waya mwembamba kama unywele. Ukiupa umeme mwingi kwa mkupuo unaungua, mshale hausogei tena, na mita nyingine ningeitoa wapi? Ndiyo maana kila kipimo nilikianzia swichi ya mita ikiwa kwenye namba ya juu kabisa, kisha nikashuka taratibu. Swichi ile hakuigusa mtu mwingine.

Siku moja baba mkwe alishuka mjini na redio yake iliyokuwa bubu. Nikamwamkia, nikagusisha nyaya za mita kwenye betri yake kubwa. Mshale ukasogea kidogo tu, kwa kuwa swichi ilikuwa bado juu. Sasa yeye alikuwa mkulima wa kahawa, na maisha yake yote alikuwa ameona gunia limejaa lakini mshale wa mizani ya wanunuzi umegoma kupanda. Akadhani mkwewe naye anampunja. Akapeleka mkono kwenye swichi aishushe hadi namba ndogo, ili mshale upande.

Nikaudaka mkono ule, nikaubana mezani. Kwetu mkwe hamgusi baba mkwe hivyo. Aliondoka bila kuaga, redio akaiacha.

Mke wangu alilia. Wazee wakaniagiza nipeleke jani la isale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha. Nilikasirika. Niombe msamaha kwa kulinda kinachomlisha binti yake? Nikapanda Akheri na redio yake na betri begani, mita kwapani, jani sina.

"Shikamoo baba," nikasema. "Mkono wako umepona. Mita hii ikiungua haiponi."

Alinitazama sana. "Kwenye mizani ya kahawa haturuhusiwi kugusa," akasema. "Tunasimama pembeni, tunatajiwa uzito wetu. Na kwako pia nisimame pembeni?"

Hilo lilinichoma. Isale sikutoa, na hata leo nisingetoa. Lakini niliweka mita mbele yake, nyaya zikiwa kwenye betri na swichi kwenye namba ya juu kabisa, nikamwambia aizungushe mwenyewe, hatua moja moja, na nikisema basi, aache.

Akazungusha. Nikasema basi, akaacha. Akauinamia mshale, ambao bado ulikuwa chini.

"Betri imechoka," akasema, kabla sijafungua mdomo.