Simu Niliyoisahau Garini Kule Ayalandi

Bora mnisikie mimi mwenyewe, maana hapa Guangzhou, China, kila mtu ana namna yake ya kuisimulia aibu yangu ya Ayalandi, na wengine wameshaitia chumvi mpaka wanasema nilipigana barabarani. Sikupigana. Afadhali ningepigana.

Tulikwenda likizo watatu: mimi, mume wangu Baba Nasra, na Nasra mwenyewe, binti yetu wa pekee, aliyekulia huku huku na kusoma shule ya Kiingereza (ndiye aliyeichagua Ayalandi, aliiona kwenye picha). Tukakodi gari tukawa tunazunguka mashambani, barabara nyembamba, kuta za mawe huku na huku, kondoo wamepakwa rangi mgongoni, mvua inakuja inaondoka, na mimi nikafurahi kama mtoto, kwa sababu miaka yote matembezi yangu yalikuwa kutoka maduka ya Zhanqian kwenda ya Shisanhang kutafuta nguo za kupeleka Dar.

Siku ya kwenda pwani kwenye majabali, majivuno yakanipanda. Wanawake wenzangu wa biashara tuna kundi letu la simu, na walikuwa wakinitania kwamba sijui kupumzika. Nikasema leo watanikoma. Nikalipigia kundi zima simu ya video, nikaisimamisha mbele ya gari ikitazama nje, nikawa nawaonyesha kondoo na bahari, nao wananisifia. Tulipofika nikashuka mbio, kanga juu ya koti, kwenda kuchungulia mawimbi, simu nikaisahau pale pale inaendelea. Baba na binti wakabaki garini, wakasema baridi kali.

Waliyoyasema nilikuja kusimuliwa usiku ule na wenzangu wa kundi. Nasra alisema, "Baba, mwambie Mama aache kelele. Asubuhi kamwita yule bibi mwenye nyumba ya wageni laoban, anataka apunguziwe bei ya chai. Nilijificha chooni." (Laoban ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, limeshanikaa mdomoni, nifanyeje.) Baba yake akaiga sauti yangu, "Laoban, laoban, punguza," wakacheka wote wawili. Kisha akasema, "Kwani kwenye mahafali yako nilikuja peke yangu kwa nini? Nilimwambia wanaruhusu mzazi mmoja tu." Nasra akajibu, "Asante, Baba."

Siku ile ya mahafali nilikuwa stoo nafunga marobota, simu iko karibu, nasubiri picha.

Na wakati wanayasema hayo, mimi niko ukingoni upepo unanipiga, nawapungia mkono.

Nikarudi nimelowa, nacheka. Sijafunga hata mlango, sauti ya Mama Shufaa, jirani yangu wa stoo, ikatoka kwenye simu taratibu: "Mama Nasra, zima simu, mdogo wangu. Tumesikia yote."

"Mmesikia nini?"

"Muulize mumeo habari ya mahafali," akasema, akakata.

Nikamgeukia mume wangu. Akawasha gari. "Ulikuwa utani," akasema. Nasra akawa anatazama dirishani, na hakugeuka mpaka tulipofika.

Siku zilizobaki nilizunguka Ayalandi kama mzigo. Kila tulipoingia mahali Nasra alizungumza kwa niaba yangu, nami nikamwacha azungumze, nikawa nakunywa chai yangu kwa adabu. Picha tulipiga. Nimo, nimefunga mdomo.

Tuliporudi ndipo nilipoonja aibu yenyewe. Nikiingia kwenye ule mgahawa wetu wa barabara ya Huanshi mazungumzo yanakatika, mtu ananisogezea kiti, mama mmoja Mkongo akanishika bega, "Pole, maman." Wangenicheka ningewajibu. Huruma unaijibuje? Kundi nimetoka. Nasra aliniomba radhi mlangoni, viatu mguuni, anawahi rafiki zake. Baba yake bado anasema nakuza mambo.

Likizo ya familia sitaki tena kuisikia. Nikisafiri nitasafiri peke yangu, na nikitaka bei ipunguzwe nitaomba kwa sauti yangu hii hii, mwenye aibu na aone aibu kwao.