Siku Tuliposhukia Darajani

Mume wangu amezaliwa Kagerankanda, huku kwetu Kasulu, kwenye mashamba ya maharage, na mpaka anazeeka maji mengi aliyoyajua ni ya kwenye ndoo. Kazi yake ilikuwa kutunza ghala kwenye kambi ya wakimbizi. Walipopunguza wafanyakazi, alichukua kiinua mgongo akanunua mashua yenye injini kwa fundi mmoja Mkongomani, akaiweka Mto Malagarasi, kwa wavuvi wa pale kwenye daraja la barabara ya Kibondo. Kaka zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walimwita nahodha. Yeye akanuna, na mwanamume akinunishwa na shemeji zake, anayelipa ni mke.

Mama yangu anaishi upande wa Kibondo, kijiji ambacho mashamba yake yanateremka mpaka mtoni. Alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Alianza kwa kusahau chungu jikoni, akaja kusahau watoto wake. Mara ya mwisho nilipokwenda aliniuliza kama nimekuja kununua ndizi.

Asubuhi moja mdogo wangu anayemtunza akanipigia simu huku analia.

"Dada, mama leo kaamka mzima. Kanitaja jina. Anakuulizia wewe, anasema binti yangu mkubwa yuko wapi. Njoo leo hii, dada, maana hii hali haitakaa."

Nikamwambia ampe simu. Nikamsikia mama kwa mbali, kwa Kiha, akikataa. Hataki sauti, alisema. Aje mwenyewe.

Tulipanda gari la abiria la kwenda Kibondo. Naomba hilo lieleweke vizuri: gari lilikuwa linakwenda Kibondo, barabara ni nzuri, na mimi nilikuwa nimeshapata kiti cha dirishani. Tulipofika darajani mume wangu akagonga bati kwa kiganja. "Shusha hapa!"

"Tunashuka kufanya nini?" nikamuuliza.

"Mama watoto, ukishukia barabarani utatembea kwenye tope mpaka magotini. Mto unatufikisha mlangoni."

Palikuwa na ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana nilishuka. Kile kipande cha njia kutoka barabarani hadi kwa mama ni kibaya kweli wakati wa mvua. Lakini nilimtazama usoni nikaona jambo jingine kabisa. Alitaka kaka zangu, wanaokaa jirani na mama, wamwone akitokezea mtoni, amesimama, ameshika usukani wa injini yake. Gari likaondoka na kiti changu.

Alikuwa amebeba gunia la maharage, mikungu ya ndizi na dumu la pombe ya ndizi, kwa sababu mkwe haendi ukweni mikono mitupu. Vyote akavipanga nyuma, kwenye injini na mahali pake pa kukaa, akavikaza kwa mpira. Sisi watu wa milimani mzigo wetu unakaa nyuma, kwenye keria ya baiskeli, na chombo chochote tukikiona tunakitafutia keria. Mashua ikainua pua juu.

"Mzee, hiyo itakunywa maji," mvuvi mmoja akamwambia.

"Nimepanga ghala nusu ya maisha yangu," alijibu. "Utanifundisha kupanga mzigo?"

Kona ya kwanza tulipita vizuri, akawa anapiga mluzi. Kona ya pili maji yakaanza kuingia kwa nyuma, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi huku ameshaingia. Injini ikakohoa, ikazima. Mkondo ukatugeuza ukatuingiza kwenye matete. Akavuta kamba ya kuwashia, akavuta, akavuta, nami nachota maji kwa kiatu changu cha kanisani. Akachukua kasia atusukume nalo. Likazama kwenye tope likang'ang'ania, mashua ikasogea, na kasia likabaki limesimama peke yake nyuma yetu.

"Tupa gunia," nikamwambia.

"Niingie ukweni na nini?"

"Mama yangu hakuomba maharage!"

"Tulia, mama watoto. Haraka haraka haina baraka."

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye kwa sentensi ile. Nikafungua mpira, nikaweka miguu miwili kwenye gunia nikalisukuma mtoni. Mume wangu, asiyejua kuogelea hata kwenye beseni, akalirukia. Bahati yake maji yalimfika kifuani. Akasimama kwenye tope amelikumbatia gunia, ananitazama kana kwamba nimemtupa mwanawe. Ndipo kiboko akakoroma mahali fulani ndani ya matete, na mzee akarudi mashuani bila gunia, kwa wepesi ambao sijauona tangu tuoane.

Tukainama ndani ya mashua, tukisikiliza matete. Simu ikalia, nami nikaipokea kwa kunong'ona.

"Dada, mko wapi? Kaoga, kavaa kitenge kipya. Kakataa kula, anasema atakula na wewe."

"Tuko mtoni."

"Mtoni? Mtoni mnafanya nini?"

Nikakata simu, nikaendelea kuchota maji kwa kiatu.

Wavuvi walituona alasiri wakatufunga kamba wakatuvuta. Njia nzima mume wangu alikuwa akiwaeleza ubovu wa injini, kwamba Mkongomani amemwuzia kitu kibovu, na wao wanaitikia kwa adabu huku wanatazamana. Jua lilikuwa linazama tulipofika chini ya mashamba ya mama.

Mdogo wangu alisimama mlangoni. Aliponiona akatikisa kichwa.

"Alipitiwa na usingizi kidogo," alisema. "Alipoamka..." Akanielekeza ndani kwa kidole.

Mama alikuwa ameketi mkekani na kitenge chake kipya, amepakwa mafuta, anang'aa. Nikapiga magoti nikamsalimia. Akaniitikia vizuri sana, akasogea anipishe.

"Karibu, mama. Mbona umeloa? Umetoka mbali?"

"Nimetoka Kasulu."

"Kasulu!" Uso wake ukachangamka. "Nina binti yangu huko. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Nimemngoja leo tangu asubuhi."

Nje, kaka zangu walikuwa wamemzunguka mume wangu, dumu limeshafunguliwa, anawasimulia habari za kiboko. Walikuwa wanacheka, naye anacheka nao. Nahodha, nahodha! Nampikia mpaka leo, namfulia, tunasali pamoja jioni, na kicheko kile sijakisamehe.

Mama akavuta sahani iliyokuwa imefunikwa pembeni yake, akaifunua, akaisukuma mbele yangu.

"Hiki kilikuwa chake," alisema. "Lakini giza limeingia, hatakuja tena. Kula wewe."

Mdogo wangu akaniletea maji. Nikanawa, nikala.