Dundu wa Mvua za Kwanza

Wiki iliyopita, mvua za kwanza zilipokatika, nilikwenda malishoni nyuma ya Lipangalala nikapindua mavi ya ng'ombe kwa kijiti, rundo moja baada ya jingine. Marundo ishirini, dundu aina mbili tu. Kama nawe umekulia bonde hili utakumbuka: zamani mvua ikigonga ardhi mara moja, walitujia wakivuma hadi kwenye sufuria la wali.

Aliyenifundisha kuwatazama ni binti wa jirani. Baba yake alihamia na ng'ombe kutoka Usukumani, akajenga kando ya shamba letu la mpunga. Sisi wakulima wa asili ya Mahenge ng'ombe tuliwajua kwa ugomvi tu. Binti yule alinionyesha dundu wanaoviringisha vitonge vya mavi, wanaochimba chini ya rundo, na wadogo wa rangi ya shaba wanaoishi humo humo ndani. Nilipotaka kumpindua mmoja alinishika mkono. "Mwache, wewe! Anampelekea mwanawe chakula."

Siku moja mwalimu alituagiza tulete mdudu anayemfaa mkulima. Nikapeleka dundu kwenye kopo, nikaeleza vizuri: anafukia mbolea, anapunguza nzi. Darasa likalipuka. "Kashika mavi huyo!" Mwalimu akauliza nani kanifundisha. Nilitaka kicheko kiniondokee, nikamnyooshea binti wa jirani kidole. "Huyo hapo. Kwao ndiyo mboga."

Kikamhamia yeye. Tangu siku ile wote walimwita Dundu. Hakulia, aliacha tu kupita kwetu asubuhi twende pamoja.

Bibi alipopata habari, nilijitetea kwamba ulikuwa utani.

"Utani? Sisi na wao tumekuwa watani lini? Mtani akikutukana, siku ya msiba wako ndiye atakayekuja kufanya kazi. Wewe utamfanyia ipi? Kaombe radhi."

Nikasema nitakwenda tukimaliza kupanda. Tukapanda, tukapalilia. Nilipokwenda nilikuta boma tupu, mavi yamelowa mvua, na dundu wa kila aina wakiendelea na kazi yao. Walikuwa wamehama na mifugo yote, wala hakuna aliyejua walikoelekea.

Siku hizi malisho mengi yamelimwa, na wafugaji waliobaki wanasema dawa za mifugo zinawaua wadudu pia. Nimesoma sana peke yangu juu ya jambo hili, na mengi niliyoyasoma nilikuwa nimeshaambiwa na mtoto wa miaka kumi. Juzi mwalimu mmoja wa Kibaoni aliniuliza haya yote nimejifunza kwa nani.

Nikamjibu: vitabuni.