Kulabu ya Ishirini na Mbili

Kabla ya kukabidhiwa stoo ya kampuni ya kupaka rangi majengo marefu, Bi Mizani alikuwa amepima magunia ya mahindi kwa miaka kumi na mmoja. Jina alilipata huko, akahama nalo. Akikutazama mara moja tu ameshakujua kilo zako, na hakosei sana. Ila hasemi mpaka aulizwe.

Wiki yake ya tatu likaingia boksi la kulabu mpya za usalama, zile za kumfunga fundi kwenye kamba asije akafika chini kabla ya saa ya kutoka. Ubavuni zimechongwa: 22 kN. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa fundi mmoja waliyemwita Ghorofa, kwa urefu na kwa upana. Akaigeuzageuza kiganjani.

"Ishirini na mbili," akasema. "Mimi nina ngapi?"

"Mia na nne."

"Basi dada, hii ya kufungia mbuzi."

Akairudisha mezani, akatoa mfukoni ndoano ya kufungia mizigo ya lori, kutu tupu. Hiyo, alisema, ndiyo chuma. Wenzake wanne waliomfuata nao wakarudisha za kwao.

Bi Mizani akazirudisha zote boksini. Kilo alizijua kama anavyowajua wanawe. Hiyo kN hawakuwahi kukutana. Yeye, kushindwa kusoma uzito, kulimkaa rohoni kutwa nzima. Jioni akampitia shemeji yake, mwalimu wa fizikia, akamkuta anafua soksi.

"Hizo si kilo, shemeji," mwalimu akasema. "Ni kilonyutoni, kipimo cha nguvu. Kilonyutoni moja ni kama mzigo wa kilo mia unavyovuta ukiwa umening'inia, umetulia."

"Kwa hiyo hiyo kulabu ni magunia ishirini na mawili ya mahindi, ya kilo mia mia."

"Naam. Yakitulia."

"Yote hayo ya nini kwa mtu mmoja?"

"Mtu anayeanguka hajatulia. Kamba ikimsimamisha ghafla, anavuta mara nyingi kuliko uzito wake."

Asubuhi Bi Mizani akawakusanya mafundi uani. Akaning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo ishirini na tano kwenye boriti kwa uzi mwembamba wa katani. Uzi ukastahimili. Akamwomba Ghorofa aunyanyue mfuko mpaka juu, kisha auachie. Uzi ukakatika, mfuko ukapasuka, mchanga ukaingia kwenye viatu vya msimamizi.

"Mfuko ni uleule," akasema Bi Mizani. "Sasa ndoano yako inabeba ngapi?"

Ghorofa akaikagua kila upande. "Haijaandikwa."

"Basi hata mimi sijui."

Ghorofa akachukua kulabu. Bi Mizani akamwonyesha na mchoro mdogo pembeni: ikivutwa kwa urefu, ishirini na mbili, ikilala kiubavu, saba tu.

Mwezi wa pili tangu kulabu zifike, wakiwa ghorofa ya sita, ubao ulimteleza Ghorofa miguuni. Akaanguka. Kamba fupi ya mkanda aliojifunga mwilini, iliyoshonwa ili ifumuke taratibu na kupunguza mshtuko, ikafumuka; kulabu ikashika. Alining'inia dakika nane mpaka walipomfikia, akiutazama ukuta. Alipofika chini, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kule juu kuna mahali ameparuka, hapajapakwa rangi.

Stoo, Bi Mizani alipokea vifaa vyake, akachukua mkasi, akaukata mkanda vipande viwili.

"Dada, si ndio huo ulioniokoa?"

"Umeshavutwa. Haurudi kazini."

"Na mimi nimevutwa."

"Wewe nenda hospitali."

Jumatatu mke wa Ghorofa akaja stoo. Akakalia boksi, akaomba aelezwe mambo yote tangu mwanzo, kilo na kilonyutoni. Akasikiliza mikono imetulia mapajani.

"Na akinenepa?" akauliza.

"Mkanda mpya mwisho wake ni mtu wa kilo mia na arobaini, pamoja na zana zake."

"Niandikie."

Bi Mizani akamwandikia: kilo mia na arobaini, na zana. Mke akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akaenda sokoni.