Kifungu cha Katibu Chenge

Mzee Pius Chenge, fundi redio wa Igogo, hakuwa na roho mbaya. Tuseme hilo mapema, maana yanayofuata yatamfanya msomaji atamani kumrushia jiwe, na hatakuwa amekosea sana. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alipenda kusifiwa. Na huko Fesibuku sifa hugawiwa bure, ukizizoea huachi.

Alianza kuandika kwa hasira. Redio za kutengeneza zilikuwa zimepungua, akawa anashinda kibandani na simu, anasoma vijana wakibishana juu ya vita vya nchi za mbali, nani apigwe bomu na nani asipigwe, utadhani wanachagua timu. Siku moja uvumilivu ukamwisha. Akaandika kwamba yeye alipigana vita vya Kagera, na vita si mpira. Akasimulia alivyopigwa risasi ya paja, na jinsi mwenzake Jonathan, kijana wa kisiwa cha Ukerewe, alivyombeba mgongoni tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi. Jonathan huyo bado yupo, akaandika, anatengeneza injini za mitumbwi hapa hapa Igogo.

Watu walilia. Wakaanza kumwita Babu wa Amani, na waliombishia aliwajibu mmoja mmoja bila matusi. Kwenye habari za vita, haki yake tumpe, alisema alichokijua.

Ndipo binti mmoja aitwaye Winnie, msomaji wake wa siku nyingi, akauliza kwa adabu: "Shikamoo babu. Unasema tusishangilie vita kwa sababu kila anayekufa ni mtoto wa mtu. Na mashoga je, si watoto wa watu?"

Hapo mzee alitakiwa aweke simu chini akanywe uji. Lakini wasomaji walikuwa wanasubiri, na mmoja wao akachokoza: "Babu kabanwa." Neno hilo lilimchoma. Akaandika mbio mbio: "Jeshini tulikuwa wanaume, uchafu huo hatukuuona. Mwenye mtu wa namna hiyo asimkaribishe mezani. Na akifa, wamzike hao hao wenzake."

Ulikuwa uongo, na alijua ni uongo wakati anauandika. Mwaka sabini na tisa, wodini Bukoba, Jonathan aliketi kando ya kitanda chake akamwambia kwamba moyo wake haujawahi kuelekea kwa mwanamke, huelekea kwa wanaume. Chenge alimjibu kwamba neno hilo limefika kwake na halitatoka. Na kweli halikutoka. Mke wake Sabina alihangaika miaka mingi kumtafutia Jonathan mchumba, mumewe akanyamaza. Siri aliitunza vizuri. Aliyemsahau ni mwenye siri.

Walioupenda ujumbe huo siku hiyo walipita elfu moja. Winnie alijibu tu, "Asante babu, nimekuelewa," na mzee akahesabu ameshinda.

Sasa, Igogo mtu anaweza kukosa vyote, asikose watu wa kumzika. Ndiyo maana mtaa wao una kikundi cha kufa na kuzikana, na Chenge alikuwa katibu wake kwa miaka kumi na moja. Jonathan, asiye na mke wala mtoto, alikuwa mwanachama tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyechimba makaburi mengi kumzidi. Mwenyekiti, Mama Tereza, aliusoma ule ujumbe akaupenda mno. Jumapili baada ya ibada akausoma kwa sauti uani kwake, mbele ya wanachama wote, kisha akasema, "Katibu wetu ametufungua macho. Napendekeza tuweke kifungu kwenye katiba: mtu wa namna hiyo, kikundi hakimziki."

Jonathan alikuwa kwenye benchi la nyuma, kofia yake magotini.

"Katibu, hoja ni yako," Mama Tereza akasema. "Una la kuongeza?"

Mlango wa kujirudi ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema aliandika kwa hasira, kwamba kifo hakichagui na wao wasichague, na hakuna siri ya mtu ambayo ingetoka. Lakini aliwaona wanavyomtazama kwa fahari, akaona aibu kurudi nyuma.

"Sina, Mwenyekiti."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kwa utaratibu wao, katibu ndiye anayehesabu na kuandika majina. Alianza mbele, akafika benchi la nyuma, na hapo akaukuta mkono wa Jonathan umenyooka kuliko yote. Macho yake yalikuwa kwa katibu. Chenge aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, ikamwasha hadi masikioni. Akainama, akaandika jina.

Wanachama walipoanza kunywa chai, Chenge alitoka. Jonathan alikuwa anamngoja nyuma ya ukuta.

"Umeniandika kwenye waliokubali?"

"Nimekuandika."

"Vizuri. Nisingenyoosha wangeanza kunitazama." Kisha akamwita kwa jina lao la utani la tangu jeshini. "Mimi nilikuwa nasoma kila unachoandika, Ngosha. Nilikuwa nawaonyesha hadi wateja."

"Naingia sasa hivi nawaambia nilikosea."

"Umechelewa. Umewatangazia mwenyewe kwamba nilikubeba vitani, wanajua mimi ni nani kwako. Ukigeuka leo, baada ya kura, watauliza unamtetea nani, na hawatatafuta mbali."

Mtu aliyewajibu watu mia tatu kwa wiki alisimama pale anakunakuna ukuta kwa kucha.

"Nimeshaongea na watoto wa dada yangu, Ukerewe," Jonathan akasema. "Siku yangu ikifika watanifuata. Kikundi hakitapata taabu."

"Nitavuka nao. Kaburi nitachimba mwenyewe, na mguu huu huu."

Jonathan alivaa kofia yake taratibu.

"Usije, Pius."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemwambia mwenzake asijisumbue. Akampa mkono, kwa kuwa watu walikuwa wanapita, kisha akashika njia ya kwake.

Ndani, Mama Tereza alikuwa anaita, "Katibu, tunasubiri sahihi yako." Chenge akarudi. Walipomwona anaingia, wanachama wakampigia makofi, naye akaketi, akaomba kalamu, akasaini.